Tamima Alitoka na Nini? Mali, Madeni na Talaka katika Utengano na katika Hukumu ya Bi Hawa

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa na swali moja, na swali lenyewe halikuwa langu. Tulikuwa kwenye semina ya riwaya ya Kiswahili, tukichambua Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Ubao ulikwisha kujaa dhamira tulizozizoea: ukatili wa waume, matabaka, malezi mabaya, ukombozi wa mwanamke. Dada mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akanyoosha mkono akauliza: "Samahani mwalimu, hivi Tamima alipoachwa, alitoka na nini?" Darasa zima likacheka. Mmoja akamjibu, "Alitoka na uchungu!" Tukacheka tena, tukaendelea na mbinu za kisanaa.

Ndugu wasomaji, kicheko kile kimenisumbua tangu siku ile. Kwa nini tulicheka? Mtu akiachwa Manzese au Kihonda, majirani hawaanzi kuuliza dhamira. Huuliza: amechukua nini? Kitanda kimebaki kwa nani? Na lile deni la duka itakuwaje? Haya ndiyo maswali ya jamii tunayodai kuihakiki. Lakini tukifungua kitabu tunajifanya kwamba talaka ni suala la moyo na maadili tu, kana kwamba watu wale hawakuwa na nyumba, sufuria, shamba wala deni.

Nitajaribu kulijibu swali la dada yule kwa kuisoma Utengano (1980) pamoja na matini nyingine ambayo sisi wa fasihi hatuna kawaida ya kuigusa, yaani hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Dai langu ni jepesi kulisema. Katika matini zote mbili mali ina tabia ya kubaki kwa mume, na deni lina tabia ya kumfuata mke. Uhakiki usioshika daftari hauwezi kuliona jambo hilo.

Talaka kama ishara

Wahakiki wetu wameitendea mema Utengano, hilo silikatai. Wameonyesha jinsi Bwana Maksuudi alivyo mkubwa hadharani na dhalimu nyumbani, jinsi anavyomfungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna, na jinsi kufungiwa huko kunavyomtupa Maimuna kwenye maisha ya mashaka anapotoka nje. Wote tumekariri kwamba utengano ni wa mke na mume, wa mzazi na mtoto, wa tajiri na maskini. Kwenye mtihani jibu la namna hiyo linapata alama nzuri, nami nimewahi kulitumia.

Tatizo ni kwamba katika uhakiki huo talaka ya Tamima imegeuzwa kuwa ishara tu. Bi Farashuu, mkunga, anaingia katika nyumba ambayo hakutakiwa kuingia, kwa kuwa Tamima ana uchungu wa kuzaa. Maksuudi anarudi, mambo yanaharibika, na talaka inatoka. Mhakiki anaandika: "Hapa mwandishi amefaulu kuonyesha ukatili wa mfumo dume." Sawa. Kisha mhakiki anafunga daftari, wakati ndipo lilipotakiwa kufunguliwa.

Tabia hii haiko kwa Utengano peke yake. Penina Muhando alituandikia tamthilia mwaka 1976, akaiita Talaka Si Mke Wangu. Hata jina lake ni tamko la mdomo. Tumezoea kuitazama talaka kama tamko: nani amesema, kwa hasira gani, mbele ya nani. Lakini tamko huchukua dakika moja. Kinachofuata huchukua miaka, na humo ndimo watu wanamoishi.

Hesabu ya Mwanasururu

Turudi nyuma ya Tamima, kwa mwanamke ambaye wahakiki wengi humpitia haraka kwa sababu haonekani sana mbele ya msomaji. Mwanasururu, binti wa Bi Farashuu, aliolewa na Maksuudi kabla. Alikuwa na mali. Maksuudi alimwoa, akamfilisi, kisha akamwacha. Uchungu huo Bi Farashuu anaubeba moyoni miaka yote, na Kazija, mjukuu wake, anaukuta umekwisha kuwa mkubwa kuliko yeye.

Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya muuza duka. Mtu amechukua mali ya mwenzake, hakuirudisha, na hakuna aliyemshtaki. Hilo ni deni. Na deni lisilolipwa halifi, linalala. Nathubutu kusema kwamba injini ya riwaya hii ni deni la Mwanasururu kuliko ukatili wa Maksuudi kwa Tamima. Tuliondoe deni hilo tuone kitakachobaki. Bi Farashuu atakuwa mkunga tu. Kazija hatakuwa na sababu ya kuwanasa baba na mwana. Maksuudi ataendelea kupigiwa makofi, na riwaya haitakuwapo.

Kisasi cha Bi Farashuu, kwa hiyo, tusikisome kama chuki ya kikongwe tu, kama baadhi yetu tunavyoandika. Ni madai ya mtu asiye na mahakama. Angekuwa na pa kupeleka shauri lake, na karatasi ya kuonyesha, na mtu wa kumsikiliza, huenda asingehitaji kupita mlango wa nyuma. Dawa ya deni ni kulipa, wamesema wazee, lakini hawakutuambia lifanyike nini pale mdaiwa anapokuwa ndiye mwenye nguvu, mwenye nyumba na mwenye wasikilizaji.

Sasa tazameni ni nani aliyelipa kwanza. Si Maksuudi. Siku Bi Farashuu anapovuka kizingiti, anayeachwa ni Tamima. Anayetoroka na kupotea ni Maimuna. Hawa wawili hawakuchukua hata senti ya Mwanasururu. Tamima hakuwa na sauti juu ya mali ya mume wake ilipokuwa ikitumika, lakini deni la mume huyo huyo lilipokuja kudaiwa, lilidaiwa kwake. Hakugawiwa mali, aligawiwa deni. Hili ndilo jibu langu la kwanza kwa dada wa semina: Tamima alitoka na deni la Maksuudi.

Hukumu kama hadithi

Najua wapo watakaoniambia, "Bwana wee, hukumu si fasihi." Mimi nasema hukumu ina msimulizi, wahusika, mgogoro, kilele na mwisho. Tena ina kitu ambacho riwaya haina: mwisho wake unatekelezwa.

Msimulizi wetu hapa ni Francis Nyalali, aliyekuwa Jaji Mkuu wakati huo. Mhusika mkuu ni mama wa nyumbani ambaye ndoa yake imevunjwa mahakamani. Anaomba sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama ya Mwanzo inamnyima kwa sababu yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilipatikana kwa fedha za mume. Tulipime neno hilo "tu". Miaka ya kupika, kufua, kupokea wageni na kuitunza nyumba imejumlishwa ikawa silabi moja.

Mgogoro wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko nyumba moja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Swali likawa: kazi za nyumbani ni juhudi, au ni wajibu tu wa mke? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo walioona kwamba mke anayepika ametimiza sehemu yake ya ndoa na hana cha kudai zaidi. Wapo walioona kwamba mume asingeweza kwenda kazini na kujenga kama nyumbani hapakuwa na mtu.

Kilele cha hadithi ni pale Mahakama ya Rufani inapochagua upande. Inasema kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za uchumi za familia, hivyo anayechangia ustawi huo amechangia kupatikana kwa mali. Kazi za mama wa nyumbani zikaingia kwenye hesabu. Kwa msomaji wa Kiswahili hiki ni kitendo kikubwa cha lugha, maana neno "mchango" limebadilishwa maana, na wanawake wengi wasiojua hata jina la shauri hili wameingia ndani ya neno hilo.

Lakini subirini mwisho. Mahakama ikaona kwamba mume alikuwa amempa mkewe fedha kwa ajili ya mradi wa familia, na mke akazitapanya. Mchango wake ukakutanishwa na fedha hizo, ukafunikwa. Bi Hawa Mohamed alishinda kanuni akashindwa shauri. Aliwafungulia wenzake mlango, yeye akabaki nje.

Mwandishi wa riwaya angeandika mwisho kama huo tungeusifu kwa kejeli yake. Hapa hapana msanii aliyeubuni. Sidai kwamba mahakama ilikosea kuuliza fedha zilikwenda wapi. Aliyekabidhiwa fedha za familia lazima atoe hesabu, awe mume au mke. Hoja yangu ni ya msomaji wa matini. Fedha zinazokabidhiwa zina tarehe na kiasi. Sahani zinazooshwa hazina risiti. Mizani ikiwa na upande mmoja wa vitu vinavyoandikika na upande mwingine wa vitu visivyoandikika, itaelemea wapi? Waswahili wamekwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mwanamke ndiyo mali isiyo na daftari kuliko zote.

Ile aya inayosahauliwa

Tukitaja kifungu cha 114 husema "mchango" tukaishia hapo. Lakini kama kilivyotungwa mwaka 1971, kifungu hicho kiliitaka mahakama itazame mambo manne: mila za jamii ya wanandoa; mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi; madeni ambayo mmoja wao aliyaingia kwa manufaa ya wote wawili; na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo, mahakama ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa.

Jambo la tatu ni madeni. Nani kati yetu amewahi kusikia likijadiliwa kwenye mhadhara wa fasihi, kwenye kikao cha ukoo, au kwenye kipindi cha redio? Mali ina wasemaji wengi. Deni halina msemaji.

Mniruhusu nitoke kidogo kwenye vitabu. Nina shangazi yangu Morogoro, mshonaji. Yeye na mumewe walijenga nyumba ya vyumba vinne. Kiwanja kiliandikwa jina la mume, kwa kuwa ndiye aliyekwenda ofisini siku ile; wala halikuwa jambo la ubaya. Ilipofika wakati wa kuezeka, mwaka 2009, fedha zikaisha. Shangazi akakopa kwenye kikundi cha kukopeshana cha akina mama, kwa jina lake, wanakikundi wenzake wakamdhamini. Mabati yakanunuliwa. Risiti zikawekwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Miezi minane baadaye ndoa ikavunjika, shangazi akatoka na sanduku la nguo na cherehani. Kopo likabaki juu ya kabati, na mabati yakabaki juu ya nyumba.

Kikundi kilikuja, na kilikuwa na haki ya kuja. Akina mama wale walikuwa marafiki zake, na fedha zilikuwa zao. Wakachukua cherehani. Kwa hiyo mtu aliyeezeka nyumba alilipa mabati ya nyumba asiyolala ndani yake kwa chombo ambacho kingemlisha. Nilipomwuliza kwa nini hakwenda mahakamani, aliniambia: "Mwanangu, nyumba ina jina lake, deni lina jina langu. Ningekwenda kusema nini?"

Angeweza kusema mengi. Sheria ile ilidhania kwamba mali iliyo katika jina la mwanandoa mmoja ni ya huyo, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Deni la mabati liliingiwa kwa manufaa ya wote wawili, nalo lilikuwa jambo la kutazamwa. Ila ushahidi ulikuwa kwenye kopo, na kopo kwenye nyumba ya mtalaka wake. Mahakama zimeendelea kusisitiza kwamba mchango uthibitishwe. Ni haki, lakini anayetoka usiku na sanduku moja hakumbuki kubeba ushahidi.

Wenzetu wa Kenya wamejaribu kuliandika hili waziwazi zaidi. Katiba yao ya 2010 ilitamka haki sawa za wanandoa hata wakati wa kuvunjika kwa ndoa. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikataja kwamba kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango, na kwamba madeni yaliyoingiwa kwa faida ya ndoa yabebwe na wote wawili. Hata hivyo Mahakama ya Juu ya huko ikasema mwaka 2023 kwamba usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango lazima uonekane. Daftari tena!

Pingamizi mbili

La kwanza: matukio ya Utengano yana sura ya Visiwani, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara. Kweli kabisa, na mhakiki asichanganye. Simshtaki Maksuudi kwa kifungu cha 114. Wala sihitaji. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, na ndoa haimhamishii mume hata kikuku. Alichofanyiwa Mwanasururu ni dhuluma kwa sheria zote mbili. Kilichokosekana hakikuwa kanuni. Alikosa mtu wa kuisimamia kanuni hiyo dhidi ya mkubwa.

La pili ni zito zaidi: je, siipunguzi riwaya ikawa leja? Kazi ya sanaa ina lugha, taswira, mpangilio wa visa. Mtu hasomi Utengano ili ajue bei ya kitanda. Nakubali. Lakini ni msanii mwenyewe aliyeweka mali chini ya msingi wa hadithi yake, si mimi. Na hapa ndipo ninapotofautiana naye kidogo, kwa heshima zote. Uzito wa riwaya umewekwa kwenye anguko la Maksuudi. Tunamwona akiporomoka, tunaridhika. Lakini kumporomosha mdaiwa si kulipa deni. Msomaji anafunga kitabu akiwa amefurahia adhabu, bila kusumbuliwa na swali la kilichochukuliwa. Pengine ndiyo maana darasa letu lilicheka. Kitabu kilitufundisha kuhesabu machozi, na sisi tukadhani hesabu imekwisha.

Hitimisho

Mwaka 1971, Sheria ya Ndoa ilipopitishwa, ndio mwaka ilipotoka Rosa Mistika ya Kezilahabi. Tangu hapo tumeandika tasnifu juu ya Rosa zisizo na idadi, na tumewaachia wanasheria ile matini nyingine. Matokeo yake ni kwamba wao wanasoma kifungu bila kumwona mtu, na sisi tunamsoma mtu bila kuona kifungu. Shangazi yangu amekaa katikati, hana cherehani.

Napendekeza basi kwamba kila tukutanapo na talaka katika kazi ya fasihi tuongeze maswali manne kwenye yale tuliyoyazoea. Vitu ni vya nani? Vimeandikwa jina la nani? Deni linabaki kwa nani? Na kopo la risiti liko wapi? Maswali haya hayaondoi dhamira. Yanaipa miguu.

Kwa dada wa semina: nakuomba radhi, maana nami nilicheka. Tamima hakutoka na nyumba wala na haki ya kuulizwa. Alitoka na deni lililofanywa kabla yake, akalilipa kwa mtoto wake. Siku nyingine ukiuliza, tutafungua daftari kwanza.